Chungu, Kikapu na Fuvu: Uhakiki wa Sanaa ya Kisasa katika Mbeya na Iringa

Katika madarasa ya elimu ya siasa, somo la utamaduni huwekwa mwishoni mwa ratiba, na mara nyingi muda huisha kabla halijafikiwa. Likifikiwa, makada huulizwa sanaa ni nini, nao hujibu upesi: ngoma, nyimbo na vinyago. Wakiulizwa sanaa ya kisasa ni nini, majibu hugawanyika. Wapo wasemao kuwa ni picha za rangi zinazouzwa kwa watalii Dar es Salaam. Wapo wasemao kuwa ni muziki wa vijana. Wengine hudai kwamba ni mambo ya Wazungu yasiyomhusu mkulima. Ni nadra sana kumsikia mtu akimtaja mwanamke wa Kikisi anayefinyanga chungu huko Ikombe, au msusi wa vikapu wa Iringa, ingawa watu hao wako kazini hivi leo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kusahauliwa kwao hakukutokea kwa bahati mbaya. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba kujifunza sanaa ya kisasa ni sehemu ya kazi ya kada, maana katika sanaa hujitokeza waziwazi maswali ambayo katika hotuba hufichika: nani anazalisha, nani ananufaika, na nani anasimulia historia ya nani.

I. Chanzo cha mgawanyo

Kila mfumo wa uzalishaji huzaa namna yake ya kutazama kazi za mikono ya watu. Ukoloni ulipoitawala nchi yetu ulikuja na mizani miwili. Kazi za Ulaya ziliitwa sanaa, zikatundikwa katika majumba ya picha pamoja na jina la mchoraji na mwaka aliochora. Kazi za Afrika zilipelekwa katika makumbusho ya mila za makabila, zikabandikwa jina la kabila peke yake. Mchoraji wa Ulaya alihesabiwa kuwa mtu mwenye fikra. Mfinyanzi wa Afrika alihesabiwa kuwa mkono tu wa kabila lake. Mgawanyo huo uliwafaa wakoloni, kwa sababu mzalishaji asiyejulikana kwa jina hawezi kudai malipo wala heshima.

Baada ya Uhuru hatua zilichukuliwa kuuvunja mgawanyo huo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akitaka kurudisha fahari ya watu katika utamaduni wao. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilipotangazwa mwaka 1967, wasanii waliitikia kwa nguvu. Ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea mashuleni. Vinyago vya Wamakonde vyenye watu waliobebana mmoja juu ya mwingine, mtindo uliofahamika awali kwa jina la Dimoongo, vikaitwa Ujamaa. Mwaka 1972 TANU ilipokutana hapa Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo, sanaa nayo iliitwa kuhimiza kilimo cha kisasa. Hata Chama chenyewe kilijieleza kwa picha, jembe na nyundo, ambayo mwananchi asiyejua kusoma aliielewa mara moja.

Hatua hizo zilikuwa na msingi, na matunda yake yalionekana. Hata hivyo zilibakiza pengo moja kubwa. Sanaa ilipewa kazi ya kuhimiza uzalishaji, lakini haikutazamwa kuwa ni uzalishaji yenyewe. Mwimbaji aliimba juu ya jasho la mkulima, naye mkulima aliyekuwa pia mfinyanzi au msusi hakuulizwa anapata nini kwa jasho hilo la pili. Pengo hilo ndilo linaloonekana katika mifano ya mikoa yetu.

II. Chungu cha Ikombe

Ikombe ni kijiji cha Wakisi katika wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, kando ya Ziwa Nyasa karibu na Matema. Milima ya Livingstone inashuka pale hadi majini, na ardhi ya kulima ni haba. Kutokana na hali hiyo ya mazingira, wanaume wa Kikisi walishika uvuvi na wanawake wakashika ufinyanzi. Vyungu vilipakiwa katika mitumbwi, vikapelekwa kubadilishwa kwa chakula na Wanyakyusa wenye mashamba ya rutuba. Kwa hiyo chungu cha Kikisi kilizaliwa kutokana na mgawanyo wa kazi kati ya watu wa ziwani na watu wa shambani. Asemaye kwamba ni pambo la kabila hajui alisemalo, kwani kwa karne nyingi chungu hicho kilikuwa ndicho shamba la mwanamke wa Ikombe.

Mhakiki akikitazama, ataona mambo matatu. Kwanza, kinafinyangwa kwa mikono bila gurudumu, na bado mduara wake umekamilika. Pili, ukuta wake ni mwembamba kiasi cha kustahimili moto wa jikoni bila kupoteza nguvu. Tatu, pambo lake limewekwa mahali lisipozuia matumizi. Hapa uzuri na manufaa havikutengana. Nadharia nyingi za sanaa zilizoandikwa Ulaya zilishughulika na swali la kuunganisha sanaa na maisha ya kila siku. Mwanamke wa Ikombe hakupata kuvitenganisha.

Lakini hali imebadilika. Ndoo ya plastiki imechukua nafasi ya mtungi wa maji, na sufuria imechukua sehemu kubwa ya kazi ya chungu. Mnunuzi naye amebadilika: anayenunua chungu sasa mara nyingi anakitaka kwa kupandia maua au kupambia sebule. Chungu kilichokuwa chombo kinageuka kuwa mapambo. Wapo wanaouita mgeuko huu kufa kwa utamaduni, na kuna wanaouita maendeleo. Mhakiki wa kimapinduzi hana budi kuuliza swali jingine: katika mgeuko huo, mfinyanzi amepanda au ameshuka? Zamani alibadilisha chungu kwa chakula na mtu aliyemjua, na bei ilikuwa kipimo walichokubaliana wote wawili. Leo chungu kinapita kwa wachuuzi hadi Mbeya mjini na mbali zaidi, na kila mkono unaokipokea huongeza bei. Mkono wa kwanza, uliochimba udongo, kuukanda, kuufinyanga na kuuchoma, ndio unaopata kidogo kuliko yote. Huu ni unyonyaji wa kawaida, na haupungui ukali kwa sababu bidhaa inayohusika ni nzuri kuitazama.

III. Kikapu cha Iringa

Kikapu cha Iringa kinatoa somo linalofanana na hilo, na lenye tofauti yake. Husukwa na wanawake kwa milulu, majani yanayoota penye majimaji. Kwanza kilikuwa chombo cha nyumbani cha kubebea na kuhifadhia nafaka. Leo kinajulikana kote nchini na nje ya nchi, kina mikono ya ngozi na rangi za kila namna, na kinabebwa na wanawake wa mijini ambao hawajawahi kupepeta mahindi.

Yafaa tuwe waangalifu hapa. Kuna makada ambao wakiona kikapu chenye rangi mpya husema kwamba utamaduni umechafuliwa. Fikra hiyo ni ya kihafidhina, ingawa huvaa vazi la uzalendo. Inamtaka mwanamke wa kijijini abaki kama alivyokutwa, ili mtu wa mjini apate mahali pa kutazama zamani zake. Msusi anayejaribu rangi mpya, umbo jipya na ukubwa mpya kwa kuangalia mahitaji ya leo anafanya hasa kile ambacho msanii wa kisasa anapaswa kufanya. Kinachostahili kuhakikiwa ni mahali uamuzi unapofanyika. Kama msusi ndiye aliyebuni, sanaa imesonga mbele pamoja naye. Kama ametumiwa kipimo na rangi na mtu wa kati, akaambiwa asuke vilevile mara mia, basi amegeuzwa kibarua wa kiwanda kisicho na paa, na ubunifu umehamia kwa mwenye fedha.

Mjini Iringa kuna mfano wa kufikirisha. Mwaka 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana ilianzisha karakana iitwayo Neema Crafts, ikianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono. Hata kinyesi cha tembo kilitumika kuwa malighafi. Baadaye zikaongezwa kazi nyingine za mikono, pamoja na mkahawa ambamo wahudumu viziwi huwahudumia wateja. Fundisho kubwa la karakana hiyo liko nje ya vitu vinavyouzwa. Jamii ilizoea kumwona mlemavu kuwa mtu wa kuombewa sadaka, na kazi ya mikono ikamweka mbele ya macho ya mji kama mzalishaji. Sanaa hapa ilibadilisha uhusiano kati ya watu, na kazi ya namna hiyo hotuba peke yake huishindwa. Swali linalobaki linahusu kila karakana ya aina hii popote ilipo: mzalishaji atafikia lini kuwa mwenye kauli juu ya bei, soko na ziada? Bila jibu la swali hilo, heshima iliyopatikana itaendelea kutegemea nia njema ya wengine.

IV. Pingamizi

Mwanafunzi makini atapinga. Atasema kwamba chungu na kikapu ni kazi za ufundi, lakini sanaa ya kisasa ni ile ya watu kama Sam Ntiro, Elias Jengo, Edward Tingatinga na George Lilanga, yaani watu waliosema jambo jipya kwa majina yao wenyewe. Pingamizi hili lina uzito, na lazima lijibiwe kwa ukweli wa mambo.

Sam Ntiro alisoma Makerere na baadaye London, naye alichora maisha ya vijijini: watu wakilima, wakivuna, wakisherehekea pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Hiyo ni heshima kwa mchoraji na kwa Afrika. Lakini tufikiri: wanakijiji walichorwa, na waliopata nafasi ya kuitazama picha yao ni wakazi wa New York. Kosa halikuwa la mchoraji. Ni muundo wa dunia ambamo malighafi hutoka kwetu na thamani hukaa kwao, kama ilivyo kwa kahawa ya Mbozi na chai ya Mufindi.

Edward Tingatinga, mtu wa Kusini aliyekuja Dar es Salaam kutafuta kazi, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za mafuta juu ya vipande vya mbao laini. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, na kazi ikaendelezwa na wanafunzi wake, ambao mwaka 1990 walikuwa na ushirika wao. Hapa tunaona jambo muhimu. Jina la Tingatinga lilipata kuwa mali ya kundi, na kundi likapata chombo cha kujitetea. Mfinyanzi wa Ikombe anao ujuzi usiopungua ule, na urithi mrefu kuliko ule. Kinachomkosekania ni jina na chombo. Kwa hiyo tofauti tuliyoambiwa kuwa ni ya ufundi na sanaa, kwa sehemu kubwa, ni tofauti ya nguvu katika soko, na pia tofauti kati ya kazi ya mwanamme wa mjini na kazi ya mwanamke wa kijijini.

Hata hivyo pingamizi halijaisha lote. Chungu hakiwezi kufanya kila kazi ya sanaa. Kinaonyesha ustadi, subira na utu, lakini hakiwezi kubishana. Jamii inahitaji pia sanaa inayobishana nayo, na mfano wake uko hapa hapa Iringa.

V. Fuvu la Kalenga

Historia ya Mkwawa inafahamika. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake liliwashinda Wajerumani Lugalo. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilivunjwa kwa mizinga. Mwaka 1898 Mkwawa alijiua kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani kulikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza, lakini lilirudi Kalenga mwezi Juni 1954 tu, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa Bremen. Leo liko katika makumbusho ya Kalenga.

Tutazame tendo hilo kama tunavyotazama tamthiliya. Jukwaa lilikuwa Kalenga, watazamaji walikuwa maelfu, na mwenye sherehe alikuwa gavana wa kikoloni. Wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na majuma machache baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Mtawala aliyehitaji utii wa watu aliwarudishia shujaa wao, akiwa amekwisha kufa. Upinzani wa Mkwawa ukaonyeshwa kama jambo la Wajerumani lililokwisha, ilhali dola ya kigeni ilikuwa bado imesimama pale pale jukwaani. Kitu kilikuwa cha kweli na machozi ya wananchi yalikuwa ya kweli, lakini maana ya onyesho ilipangwa na mwingine. Kada anayetembelea makumbusho na kusoma tarehe tu ataukosa undani huu.

Baada ya Uhuru waandishi wetu walilichukua jukwaa. Ebrahim Hussein alitoa *Kinjeketile* mwaka 1969, na M. M. Mulokozi akatoa *Mukwava wa Uhehe* mwaka 1979. Ubora wa *Kinjeketile* ni kwamba haimsifu tu shujaa wa Majimaji. Inaonyesha jinsi wazo linaloweza kuwaunganisha watu linavyoweza pia kumponyoka mwenye kulitoa na kuwapeleka watu kwenye maafa, na inamwacha mtazamaji na uamuzi mgumu. Sanaa ya namna hiyo humkomaza raia.

Nyanda za Juu Kusini zina jambo la jinsi hiyo linalosubiri msanii. Katika vita vya Majimaji mwaka 1905, Wabena wa sehemu za Njombe waliinuka na kushambulia misheni ya Yakobi. Wakati huo huo, nchi ya Uhehe, iliyopigana kwa ushujaa miaka michache kabla, kwa sehemu kubwa haikujiunga, na wapiganaji wa Kihehe walitumiwa na Wajerumani dhidi ya ndugu zao wa kusini. Kwa nini? Ilikuwa hofu baada ya mateso ya vita virefu, au uhasama wa zamani, au masilahi ya wakubwa walioachiwa madaraka? Sanaa inayoimba Lugalo peke yake na kunyamaza juu ya 1905 inatupa fahari na kutunyima elimu. Tangu mwaka 2016 Boma la Iringa, jengo lililojengwa na Wajerumani, limekuwa makumbusho. Mahali pa namna hiyo, palipotoka amri za watawala, ndipo hasa maswali kama haya yanapofaa kuulizwa na vijana kwa michoro, maigizo na ngonjera.

VI. Kazi iliyo mbele

Tangu Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 na mfumo wa vyama vingi wa mwaka 1992, soko limekuwa na sauti kubwa katika uchumi wetu, na katika sanaa pia. Zipo sheria na vyombo: sheria ya mwaka 1984 iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa, Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Vyombo hivi vitamfaa mzalishaji wa kijijini kama kuna mtu wa kumfikishia habari zake na kumsaidia kujipanga. Mtu huyo anapaswa kuwa kada.

Kwanza, somo la sanaa lifundishwe kwa vitu, pamoja na maelezo. Mkufunzi aweke chungu na kikapu juu ya meza, darasa liulize: kimetengenezwa na nani, kwa malighafi ya nani, kimepita mikono mingapi, na kila mkono umebaki na kiasi gani? Halafu liulize: kinaonyesha nini, na kinanyamaza juu ya nini? Maswali hayo hayo yaelekezwe kwenye sanamu, wimbo wa kampeni, tamthiliya na picha ya ukutani. Mwanafunzi aliyezoea kumhakiki mfinyanzi kwa haki ataweza pia kuuhakiki wimbo unaomsifu yeye mwenyewe.

Pili, jina lirudi kwa mwenye kazi. Katika maonyesho ya Nane Nane yafanyikayo Uyole, na katika kila duka la kazi za mikono, pasiandikwe tu chungu cha Kikisi au kikapu cha Kihehe. Liandikwe jina la mwanamke aliyekitengeneza na kijiji chake, kama yeye mwenyewe anataka. Jina likijulikana, mnunuzi ataweza kumtafuta mwenyewe bila kupitia mikono mitano.

Tatu, wasusi na wafinyanzi wasaidiwe kuunda vyama vyao vya ushirika vyenye uwezo wa kupanga bei na kukutana na wanunuzi, pamoja na kulinda mabonde ya milulu na machimbo ya udongo. Bonde likilimwa lote, hakuna hotuba ya utamaduni itakayosuka kikapu.

Nne, wasanii wasiitwe mikutanoni kwa ajili ya kuchangamsha watu kabla ya wageni kufika. Kikundi kilichosafiri tangu alfajiri, kikacheza juani nusu saa na kurudishwa kwa soda moja, kimefundishwa vibaya juu ya thamani ya kazi. Kipewe nafasi ndani ya ajenda, kiigize tatizo la kijiji chenyewe, likiwemo linalowahusu viongozi, na baada ya hapo mkutano ujadili kilichoonyeshwa. Penye kiongozi anayechukia kuona kasoro zake zikiigizwa, wanachama wamkumbushe Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliokataza viongozi kuwa na majivuno, ubabe na kuonea watu.

Kazi hizi hazihitaji bajeti kubwa. Matawi ya Kyela yanaweza kuanza Ikombe kwa kuorodhesha wafinyanzi, umri wao, wanaowafundisha, na bei wanayolipwa kwa kila chungu. Matawi ya Iringa yafanye vivyo hivyo kwa wasusi. Orodha hizo zikiletwa katika semina za wilaya, tutakuwa na kitu cha kujadili ambacho hakikutoka kichwani mwa mkufunzi.